Okot p'Bitek: Maisha na Mchango Wake katika Elimu ya Chuo Kikuu

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu, katika nchi ya Waacholi iliyoko kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa mwalimu, naye mama yake alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma aliyesifika. Hivyo basi, alilelewa na shule mbili kwa wakati mmoja: ile ya ubao na daftari, na ile ya uwanja wa ngoma. Mzozo uliokuja kutawala maisha yake ya kitaaluma ulitokana na shule hizo mbili, kwani chuo kikuu kiliitambua ya kwanza na kuipuuza ya pili.

Baada ya masomo ya Gulu na Budo, alipata mafunzo ya ualimu huko Mbarara. Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha riwaya kwa lugha ya Kiacholi. Aidha, alikuwa mchezaji kandanda hodari. Mwaka wa 1956 alizuru Uingereza pamoja na timu ya taifa ya Uganda, ambayo wachezaji wake wengi walicheza miguu mitupu. Wenzake waliporejea nyumbani, yeye alibaki masomoni. Alisomea elimu katika Chuo Kikuu cha Bristol na sheria huko Aberystwyth, kisha akajiunga na Oxford kusomea anthropolojia.

Huko Oxford ndiko alikokutana na jambo lililomkera maisha yake yote. Katika mihadhara, wahadhiri waliwaita Waafrika washenzi na watu wa kale wasiostaarabika. Okot alipinga, lakini hakusikilizwa. Alitambua kwamba yeye, mwana wa mwimbaji wa Kiacholi, alikuwa amekubaliwa kuketi darasani kwa sharti la kusikiliza watu wake wakidunishwa. Mwaka wa 1963 alihitimu kwa tasnifu iliyohusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Nyimbo za nyumbani zikawa zimeingia Oxford, ingawa kwa mlango mwembamba.

Utafiti wake kuhusu dini ya Waluo wa Kati unaonyesha vyema hoja yake. Alisimulia jinsi mapadri wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka wa 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno lenye dhana hiyo ya kuumba, basi swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga, kama mtu afinyangavyo chungu. Wazee walijua kwamba mtu hufinyangwa upya anapopatwa na maradhi ya uti wa mgongo yaletayo kibyongo, nayo maradhi hayo huletwa na pepo aitwaye Rubanga. Walijibu hivyo, na jina la pepo huyo likachukuliwa kuwa jina la Mungu wa Wakristo. Kwa Okot, kisa hicho kilikuwa onyo kwa kila mtafiti: anayeuliza swali la kwao kwa lugha asiyoielewa atapata jibu alilojitengenezea mwenyewe. Hakuwasaza hata wasomi wa Kiafrika. Aliwakosoa John Mbiti na wenziwe kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani.

Msimamo huo haukumletea shahada ya uzamifu. Tasnifu aliyoiwasilisha Oxford mwaka wa 1970 ilikataliwa. Hata hivyo, mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu dini ya Waluo wa Kati kilichapishwa Afrika Mashariki, kikawafikia wasomaji kiliowahusu zaidi.

Kabla ya hapo, Okot alikuwa ameongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda jijini Kampala. Alipoupoteza wadhifa huo, alihamia Kenya, na mwaka wa 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu. Mwaka uo huo, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu kilichokuwa Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya mtaala. Okot hakuwa miongoni mwa waandishi wa waraka huo, lakini kazi zake zilikuwa ushahidi wa waliyoyadai. Katika miaka ya sabini alifanya utafiti na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1974 akatoa mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, Horn of My Love.

Suala la lugha lilimfuata hadi mwisho. Song of Lawino, utenzi uliomletea sifa duniani, aliutunga kwanza kwa Kiacholi, lakini toleo la Kiingereza ndilo lililotangulia kuchapishwa, mwaka wa 1966. La Kiacholi lilisubiri hadi mwaka wa 1969. Lawino, mwanamke asiyejua kusoma, anayemtetea mama na mila zake mbele ya mume msomi, alifika vyuoni kwa lugha ya mume huyo. Tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ilitoka mwaka wa 1975 na kumpa msikilizaji mwingine. Wapo wahakiki wanaodai kwamba Okot aliyapamba mno maisha ya jadi na kufumbia macho madhila ya mwanamke ndani yake. Hoja hiyo ina uzito, nayo inajadiliwa vyuoni kwa sababu Lawino amepewa nafasi huko.

Baada ya kufundisha pia Ife, Nigeria, Okot alirejea Uganda, na mwaka wa 1982 akawa profesa wa utunzi katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alifariki Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 51. Mwanafunzi wa fasihi anayetumwa leo kijijini na mhadhiri wake akakusanye nyimbo za bibi yake, na akapewa alama kwa kazi hiyo, anapita katika njia ambayo Okot na wenzake waliifyeka. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba bibi huyo anahesabiwa kuwa mjuzi, na kwamba anaulizwa maswali kwa lugha anayoifikiria.