Fred Kubai na Chama cha Madereva

Mtu wa Mamba auzapo mpunga wake hulitazama lori liendalo Mpanda, akahesabu magunia, akauliza bei. Dereva hamwulizi neno. Analala wapi njiani, apata nini mwisho wa mwezi, na akiugua nani atawalisha wanawe, hayo huachiwa mwenyewe. Katika Afrika ya Mashariki mmoja wa watu wa mwanzo walioyafanya maswali hayo kuwa kazi yao alikuwa Fred Kubai wa Kenya. Twaona vema kuwapasha wasomaji wetu habari zake, zile za kusifiwa pamoja na zile zitutiazo mashaka.

Alizaliwa upande wa Mombasa mwaka 1917. Baba yake alikuwa Mkikuyu, mama yake mtu wa pwani. Alisoma katika shule ya Buxton, kisha akaingia kazi ya Posta na Simu, akadumu humo hata mwaka 1946. Ilikuwa kazi safi, yenye mshahara usiokosekana, na Mwafrika aliyeipata siku zile hakuiacha kwa mchezo. Kubai aliiacha.

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma siku kumi na mbili: watu wa bandari, watu wa reli, hata wapishi wa majumbani. Kiongozi wa shirikisho lao alikuwa Chege Kibachia, na Kubai alikuwa mmoja wa waliofanya kazi pamoja naye. Agosti mwaka ule ule Kibachia akakamatwa, akahamishiwa Baringo, asirudi kwa muda wa miaka karibu kumi. Basi mtu aliyetaka kuwatetea wafanyakazi alikwisha kuonyeshwa malipo yake. Kubai hakurudi nyuma. Akashika kazi ya ukatibu katika chama cha madereva na makanika wa Nairobi, ambacho baadaye kikawa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi.

Alichagua vema. Mpishi hukaa jikoni kwa bwana wake na karani hukaa ofisini, bali dereva huingia kila mtaa na kila kijiji. Habari ya asubuhi mjini yafika Kiambu jioni kwa kinywa chake. Madereva wa teksi walikuwa na uchungu wao hasa, maana sheria ndogo za mji ziliwabana sana. Mei 1, 1949, Kubai na Makhan Singh, Mhindi aliyekuwa mwalimu wa wengi katika mambo haya, wakaunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho moja la Afrika ya Mashariki. Kubai akawa rais, Singh akawa katibu mkuu. Mwafrika na Mhindi kuketi meza moja kwa shauri la mishahara, siku zile lilikuwa jambo geni. Serikali ikakataa kuliandikisha shirikisho hilo.

Hapo ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Chama kilichoandikishwa kina ofisi, kina hesabu, na kiongozi wake aweza kuitwa akaulizwa. Chama kilichokataliwa hakina mlango wa kugonga. Mei 15, 1950 Kubai na Singh wakakamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Watu walidai viongozi wafunguliwe, kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi, sheria za teksi ziondolewe, na watu wasikamatwe usiku majumbani mwao. Zilikuwa dai za kiasi, tukizisoma leo. Zikajibiwa kwa moshi wa kutoa machozi. Makhan Singh akafungiwa jangwani zaidi ya miaka kumi na moja. Kubai akashtakiwa pia kwamba alijaribu kumwua diwani mmoja wa Nairobi. Akakaa rumande miezi, mahakama ikamwachilia mapema mwaka 1951.

Alitoka akiwa mtu mwingine, au labda alikuwa huyo tangu awali. Mwaka ule akawa mwenyekiti wa KAU, chama cha siasa, katika tawi la Nairobi. Yeye na wenziwe wa chama cha uchukuzi walikwisha kula kiapo cha siri, na teksi zile zile zilizotetewa mchana zikawa zikichukua watu usiku kwenda kulishwa kiapo. Kanisa lilikikataza kiapo hicho, na Wakristo waliokikataa wako waliouawa. Serikali nayo, vita vilipowaka, ikanyonga watu zaidi ya 1,000. Hatuwezi kumtoa Kubai katika habari hiyo kana kwamba hakuwamo, wala hatuwezi kuwatoa wale waliomfungia njia ya wazi. Hapa kwetu watu wa reli waligoma siku 82 mwaka 1960, chama chao kikiwa kimesimama mbele ya Serikali mchana kweupe; wakarudi kazini bila damu kumwagika kwa kadiri ya ile ya Kenya.

Usiku wa Oktoba 20, 1952 Kubai alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta na wengine. Kesi ya watu sita ilisikilizwa Kapenguria, na Aprili 8, 1953 wakahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Akapelekwa Lokitaung, katika joto la Turkana, asifunguliwe hata mwaka 1961. Kenya ilipojitawala alikuwa mbunge wa Nakuru Mashariki, akawa na cheo katika wizara ya kazi, akakaa bungeni hata 1974, na tena 1983 hata 1988.

Mwaka 1985 alihojiwa na televisheni ya Uingereza. Akakiri waziwazi kwamba mwaka 1952, Kenyatta alipoulaani uasi hadharani, wao wa kamati ya siri walimwita na kumtaka aache. Na kama asingaliacha, maisha yake yangalikuwa hatarini. Mzee yule hakujitetea wala hakuomba radhi.

Alifariki Juni 1, 1996, akawaacha hai watatu katika wale sita wa Kapenguria.