Fundi Konde ni wetu, tumtaje kwa jina

Arusini zikifika zile nyimbo za zilizopendwa, wazee hunyanyuka na vijana hufuata. Ikipigwa Tausi ndiyo kabisa, hata aliyekuwa anakula huacha sahani. Lakini uliza hapo hapo wimbo huo ni wa nani. Mmoja atasema ni wa Them Mushrooms, mwengine atasema umetoka Tanzania, wa tatu atakwambia ni wa zamani tu, hauna mwenyewe. Una mwenyewe. Ni marehemu Mzee Fundi Konde, mwana wa Kilifi hii hii, na leo naomba tumkumbuke.

Alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, Ugiriamani. Ujana wake uliangukia Vita Vikuu vya Pili, akaingia Keya, kama wazee wetu walivyoliita jeshi la King's African Rifles. Kazi yake huko ilikuwa muziki. Alikuwa katika kikosi cha burudani, kilichowatumbuiza askari walio mbali na kwao, na safari hiyo ilimfikisha hadi India na Burma. Wengi walirudi kutoka vitani na majeraha na hadithi. Yeye alirudi na ujuzi wa gitaa.

Wakati ule muziki wa dansi ulikuwa waltz, foxtrot na rumba, yaani mitindo ya ng'ambo. Mtu angeweza kuiga tu, akaimba kwa Kizungu asichokijua vizuri, na watu wa mjini wangempigia makofi. Fundi Konde hakufanya hivyo. Alichukua gitaa na mapigo ya kigeni, akayatilia Kiswahili chetu. Kuanzia mwaka 1947 sauti yake ilisikika katika santuri na redioni. Santuri za HMV zilibeba jina lake, naye hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Tausi, Mama Sowera, Kipenzi Waniua-ua, Ajali Haikingiki: hata majina ya nyimbo ni maneno ya barazani, mtu husema akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Mimi nikimfikiria humfananisha na mafundi wetu wa milango. Msaji mwingi ulitoka India kwa majahazi, lakini maua na minyororo iliyochongwa juu yake ilikuwa ya mafundi wa pwani, na hakuna anayeutazama mlango wa Lamu akasema ni mali ya kigeni. Gitaa la Fundi Konde lilikuwa msaji. Nakshi ilikuwa ya nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya sisi kwa sisi. Wako wanaoona kuwa muziki wa Mswahili ni taarabu peke yake, na kwamba Mgiriama ana ngoma zake huko, hatuhusu. Fundi Konde anaivunja kauli hiyo. Alikuwa Mgiriama, na Kiswahili alichokiimba kiliingia nyumba za Shela na Barani bila kubisha hodi. Tukimkana yeye, tumejipunguza wenyewe.

Ya pili ni ya riziki. Malindi inaishi kwa wageni. Kijana mwenye gitaa akienda kutafuta kazi hotelini huombwa Jambo Bwana, kisha nyimbo za Ulaya, basi. Mshonaji naye huambiwa mgeni anataka kitambaa chenye simba, si leso yenye jina lake. Tunawauzia wageni picha yao wenyewe ya Afrika, huku yetu tumeifungia sandukuni. Kijana akiona hivyo huamini kuwa cha kwao hakina bei, naye hupanda basi la Nairobi.

Upepo ulimgeukia Mzee pia. Mitindo mipya ilikuja, na kwa miaka mingi jina lake likafifia. Shukrani ziwaendee Them Mushrooms, vijana wa pwani waliomrudia mzee wao wakapiga nyimbo zake upya naye angali hai. Mwaka 1994 ukatoka mkusanyo wa nyimbo zake za 1947 hadi 1956. Alifariki mwaka 2000, Mungu amemchukua, lakini alau alisikia watu wakiimba tena.

Sasa zamu ni yetu. Watangazaji wa redio zetu za pwani, mkiupiga wimbo wake mtajeni. Wenye hoteli, mpeni kijana jioni moja kwa wiki apige za kwao, na mlipe kama mnavyolipa za wengine. Kaunti ikiandaa tamasha, jina lake liwe juu ya jukwaa. Na aliye na santuri kuukuu uvunguni asiitupe. Huenda ndani yake mna sauti ya jirani yake.