Chaumareys: nahodha aliyepewa meli kwa sababu alirudi

Hugues Duroy de Chaumareys alizaliwa Ufaransa mwaka 1763 katika ukoo wa makabaila, akaingia jeshi la majini akiwa kijana. Mapinduzi yalipouangusha ufalme, alikwenda uhamishoni kama wengi wa tabaka lake. Mwaka 1795 alishiriki shambulio la wafuasi wa mfalme huko Quiberon, akakamatwa, akatoroka. Baadaye akarudi Ufaransa.

Hapo ndipo habari zake zinatuhusu sisi tuliorudi. Mwaka 1816 alikabidhiwa manowari Méduse, ampeleke gavana mpya, Schmaltz, nchini Senegal, koloni ambalo Waingereza walikuwa wanalirudisha kwa Ufaransa. Melini walikuwamo watu kama 400. Chaumareys alikuwa hajafanya kazi ya bahari kwa zaidi ya miaka 20. Kilichompa cheo ni utii wake kwa mfalme.

Walitoka Juni 17 pamoja na meli nyingine tatu, lakini Méduse ikaziacha nyuma. Kwenye pwani ya Mauritania kuna fungu la mchanga la Arguin, ambalo mabaharia walikuwa wakilijua na kulikwepa. Nahodha hakuwaamini maofisa wake, waliokuwa wametumikia serikali iliyopita. Alimwamini abiria mmoja, Richefort, aliyedai kuijua pwani ile. Wakakosea kuitambua Rasi Blanc, wakageukia nchi kavu mapema mno.

Julai 2 maofisa waliona maji yamebadilika rangi, wakaonya. Walipotia bildi ilionyesha pima 18, kisha 6. Amri ya kugeuza ilichelewa. Meli ilipanda fungu alasiri, wakati wa bamvua na maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo hayakutarajiwa maji makubwa zaidi ya kuinyanyua. Hata hivyo nahodha alikataa kutupa mizinga baharini ili meli iwe nyepesi.

Mashua zilikuwa 6 tu na hazikutosha. Watu wapatao 147 waliwekwa juu ya chelezo kilichoungwa kwa mbao, kivutwe na mashua. Muda si mrefu kamba ikaachwa. Nahodha alikuwa katika mashua, wakati wengine bado wako melini. Baada ya siku 13 meli Argus ilikuta watu 15 tu wakiwa hai juu ya chelezo, na baadhi yao walikufa muda mfupi baadaye.

Mwaka 1817 mahakama ya kijeshi ilimwona na hatia ya kuongoza meli vibaya na kuiacha kabla abiria hawajatoka wote. Kosa la kuwatelekeza watu wa chelezo halikumtia hatiani. Alifungwa miaka 3, akafa mwaka 1841. Waziri wa majini, Dubouchage, aliondoka wizarani mwaka huohuo wa 1817.

Mimi nilisoma ukimbizini Tanzania. Niliporudi nyumbani nilipewa darasa la jiografia la kufundisha kwa Kifaransa, lugha ambayo sikuijua vizuri. Nilimwomba mwalimu mwenzangu, ambaye hakuwahi kuondoka nchini, asome maandalizi yangu kila jioni. Alinisahihisha miaka miwili. Niliona aibu, lakini wanafunzi walifaulu.

Chaumareys hakuwa na hatia kwa kukimbia wala kwa kurudi. Alikubali kazi asiyoiweza, akakataa msaada wa wanaoiweza. Waliompa meli nao walilijua hilo, ila wao hawakupanda.