John Boyd Dunlop na Mpira wa Upepo

Watu wa Ulaya walipoanza kupanda baiskeli hawakuzipanda kwa raha. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya mti yaliyofungwa pete ya chuma, na baadaye yakavikwa ukanda wa mpira mgumu usio na upepo ndani yake. Mpandaji alipopita juu ya mawe alitikiswa mwili mzima, tangu mikono hata meno; ndiyo sababu Waingereza wakaziita vitikisa mifupa. Aliyeiondoa taabu hiyo hakuwa fundi wa baiskeli, bali mganga wa wanyama, jina lake John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika shamba huko Dreghorn, nchi ya Uskoti. Aliambiwa kwamba alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, na madaktari wakawaonya wazee wake wamtunze sana. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Maisha yake yote alijihesabu kuwa mtu dhaifu, akajilinda kama mtu abebaye yai, wala hakupata ugonjwa mkubwa mpaka uzee wake. Alijifunza uganga wa wanyama mjini Edinburgh, akaifanya kazi hiyo kwao karibu miaka 10. Mwaka wa 1867 akavuka bahari kwenda Ireland, akakaa Downpatrick, kisha akahamia Belfast. Kazi yake ikastawi, hata ikawa mojawapo ya zile kubwa katika nchi ile.

Alikuwa na mwana mdogo aliyependa sana kupanda baiskeli yake ya magurudumu matatu. Lakini njia za Belfast zilitandikwa mawe, na mtoto aliona taabu kuendesha. Baba yake akalifikiri jambo hilo. Gurudumu gumu likikutana na jiwe halina budi kupanda juu yake, nalo huinua chombo kizima pamoja na mtu, kisha huanguka upande wa pili; na nguvu za mpandaji hupotea bure katika kupanda na kushuka huko. Je, kama gurudumu lingevikwa kitu laini ambacho jiwe huweza kuzama ndani yake kidogo, kisha kikarudi mahali pake?

Dunlop alikwisha kuzoea kazi za mpira. Mwezi wa Oktoba 1887 akatwaa duara la mti, upana wake sentimita 96, akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungusha ukingoni, akalifunika kwa kitambaa na kukipigilia misumari. Kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akaenda uani, akalitwaa na gurudumu moja la baiskeli ya mwanawe, akayabingirisha yote mawili. Lile la baiskeli lilikwenda kidogo, likalala chini. Lile la upepo likaivuka ua yote, likagonga nguzo ya lango, likarudi nyuma. Hapo Dunlop akajua kwamba amepata alichokitafuta. Akayavika magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya mtoto mipira ya namna ile, kisha akatengeneza mikubwa zaidi kwa baiskeli za watu wazima.

Tarehe 7 Desemba 1888 serikali ilimpa hati ya kumzuia mtu mwingine asifanye mipira kama ile bila ruhusa yake. Lakini hati haiwafanyi watu wanunue, na waliouona mpira ule mnene walicheka. Aliyewanyamazisha ni Willie Hume, mkuu wa chama cha wapanda baiskeli cha Belfast. Tarehe 18 Mei 1889 alishindana kwa baiskeli yenye mipira ya Dunlop, akashinda mashindano yote manne. Muda mfupi baadaye akaenda Liverpool, akashinda yote ila moja. Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo wana wa tajiri mmoja, Harvey du Cros. Bwana huyo hakukasirika. Alifanya shauri na Dunlop, wakaanzisha kampani ya kuuza mipira, na Dunlop akaitolea haki ya hati yake.

Kisha yakaja mambo mazito. Miaka miwili baada ya kupewa hati, Dunlop aliarifiwa kwamba haina nguvu, maana Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuwaza jambo lile lile tangu miaka ya 1840, akapata hati katika Uingereza, Ufaransa na Marekani. Thomson aliijaribu mipira yake katika magari ya farasi, lakini siku zile hazikuwako baiskeli za kuitumia, nayo ikasahauliwa. Dunlop hakuwa na habari zake kabisa. Kampani iliokoka kwa kununua hati za mafundi wengine, kama ile ya Charles Welch ya mwaka wa 1890, iliyotia nyuzi za chuma katika kingo za mpira ili uweze kuvuliwa na kuzibwa kwa urahisi.

Dunlop alijitoa katika kampani mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa paundi 3,000,000, naye hakupata sehemu kubwa ya mali hiyo. Wakati ule baiskeli zilikuwa zimeenea, na mpira ukatakiwa kila mahali. Katika Kongo, chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, wenyeji walilazimishwa kugema utomvu wa mpira msituni. Wake zao waliwekwa rehani, vijiji vikachomwa, na wengi walikatwa mikono au kuuawa, mpaka nchi ilipoondolewa mikononi mwa mfalme huyo mwaka wa 1908. Dunlop hakuyaamuru hayo, lakini mpira uliomfurahisha mtoto wa Belfast ulikuwa miongoni mwa sababu za tamaa ile.

Yeye mwenyewe alikaa Dublin, akashughulika na biashara ya nguo, wala hakujitia tena katika kazi ya mipira. Mwezi wa Oktoba 1921 alishikwa na baridi, akafa tarehe 23, mwenye umri wa miaka 81. Alizikwa Deans Grange. Habari alizoziandika za namna alivyofanya mpira wake zilipigwa chapa baada ya kufa kwake.