Askofu Hilhorst na Chimbuko la Masista wa Mgolole

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mkazi wa Morogoro akisikia jina la Mgolole, fikra zake huwaendea masista na kituo chao cha kulelea watoto yatima. Mwanzilishi wa shirika hilo, Askofu Bernard Hilhorst, hatajwi sana nje ya Kanisa. Alikuwa Mholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1934 aliteuliwa kuiongoza Vikariati ya Kitume ya Bagamoyo, ambayo mipaka yake ilifika hadi milima ya Uluguru.

Watawa wa kike hawakuwa wageni katika nchi hii. Mwaka 1860 masista sita kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar pamoja na mapadre, wakauguza wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa utumwani. Misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa mwaka 1868, na ile ya Morogoro katika miaka ya 1880. Hata hivyo, mashirika hayo yaliasisiwa ng'ambo. Huko Uganda shirika la Bannabikira lilikuwa limeanzishwa tangu mwaka 1910, na mwaka 1926 Papa Pius XI aliwahimiza viongozi wa misheni waanzishe mashirika ya wenyeji.

Hilhorst alifanya hivyo mwaka 1937, alipoanzisha Shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria, lenye makao yake Mgolole.

Milimani, hilo halikuwa jambo jepesi. Waluguru huhesabu ukoo, yaani lukolo, kwa upande wa mama. Ardhi hurithiwa kwa njia hiyo hiyo, na mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mwana wa kiume akiwa padre, ukoo wake huendelezwa na dada zake. Binti akiweka nadhiri ya useja, ni tawi la ukoo wa mama yake linalokosa wa kuliendeleza. Ridhaa ya baba peke yake, ambayo Mzungu angeidhania kuwa yatosha, haikuwa neno la mwisho. Kwa hiyo kila msichana wa Kiluguru aliyeingia Mgolole alikuwa ameacha deni zito nyumbani, na sifa ya kuanzishwa kwa shirika hilo ni ya wasichana hao kama ilivyo ya askofu.

Miaka miwili baadaye Vita Kuu ya Pili ikazuka. Mwezi Mei 1940 Uholanzi ilivamiwa na Ujerumani, nayo ikabaki mikononi mwa wavamizi hadi mwaka 1945. Msaada na watumishi kutoka nyumbani kwa Hilhorst wakawa adimu, wakati ambapo wagonjwa, yatima na wanafunzi walihitaji huduma kama kawaida.

Machi 1953 vikariati hiyo ilifanywa Jimbo la Morogoro, na Hilhorst akawa askofu wake wa kwanza. Hakulitumikia kwa muda mrefu: alifariki dunia Agosti 1954. Nafasi yake ilichukuliwa na Mholanzi mwenzake, Herman van Elswijk, na mwaka 1966 jimbo hilo likapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Adriani Mkoba. Kufikia wakati huo shirika la masista wa Mgolole lilikuwa na umri wa miaka 29.