Apolo Kivebulaya: Mtu Aliyeambiwa Arudi

Andiko la juma: 1 Wafalme 19:9-18, Matendo 20:22-24



Jumapili iliyopita tulisoma habari za Eliya pale pangoni. Tuliona kwamba ile sauti ndogo ya utulivu haikumwambia Eliya akae hapo apumzike. Ilimwambia ashike njia arudi, kazi bado ipo. Baada ya ibada wengi waliuliza swali moja: sasa mimi nitajuaje kama ni Roho Mtakatifu ananisukuma, ama ni mawazo yangu tu? Ni swali zuri. Wiki hii tunalijibu kwa maisha ya mtumishi mmoja wa ng'ambo ya ziwa letu.

Ukisimama hapa ufuoni Sori jioni, ukitazama pale jua linapozama, ng'ambo ni Uganda. Huko Buganda, karibu mwaka 1864, alizaliwa mtoto pacha. Wakampa jina Waswa, kwa sababu Waganda wana majina ya mapacha kama sisi tulivyo na Opiyo na Odongo. Huyo Waswa hakukulia kanisani. Akiwa kijana alipelekwa kwa mganga ajifunze kazi ile, akaona kwa macho yake jinsi watu wanavyodanganywa. Baadaye akasoma kwa Waislamu kwa muda. Akashika bunduki akawa askari katika zile vita za dini zilizovuruga Buganda. Katikati ya hayo yote alikuwa amesikia mafundisho ya mmishonari Alexander Mackay, na neno lile halikumtoka moyoni.

Mwezi wa Januari 1895 akabatizwa. Alichagua jina Apolo, yule mhubiri hodari wa Matendo 18. Jina la Kivebulaya watu walimpa kwa sababu ya nguo: alivaa koti jekundu lililotoka Ulaya, na maana ya jina ni kitu cha kutoka Ulaya. Mtu alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Hakuwa na elimu kubwa. Hakuoa, na aliishi hivyo mpaka mwisho.

Mwaka ule ule wa 1895 kanisa likamtuma Toro, magharibi mwa Uganda. Tusipite hapo haraka. Apolo hakuamka asubuhi akatangaza kwamba Roho amemwambia aende mahali fulani, halafu akaondoka bila kuaga mtu. Msukumo aliokuwa nao aliuleta mbele ya wazee, wakaupima, wakamtuma. Hata Paulo na Barnaba, Roho alisema nao ndani ya kanisa la Antiokia, watu wakiwa kwenye maombi na kufunga.

Kule Toro habari zikafika kwamba ng'ambo ya milima ya Rwenzori na mto Semliki kuna mahali panaitwa Boga. Walimu wawili Waganda walikuwa wameenda huko wakarudi. Mtawala wa pale, Tabaro, alikuwa amewanyima chakula, na mtu akinyimwa chakula ugenini atakaa siku ngapi? Apolo akakubali kwenda. Ilikuwa mwaka 1896.

Alipofika, akatendewa vile vile. Tabaro akakataza watu wasimpe chakula. Hapo Apolo angeweza kusema mlango umefungwa, basi hii haikuwa sauti ya Mungu. Wangapi wetu tunasema hivyo? Kitu kikiwa kigumu kidogo tunasema Mungu hakuwa ndani yake. Apolo yeye alichukua jembe. Akalima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake, na huku anafundisha watu kusoma na kuomba. Nataka tuone utii ulivyokuwa. Hakukuwa na umati wala shangwe. Kulikuwa na jembe, magugu, na asubuhi nyingine ya kufundisha watu wachache.

Watu wakaanza kuamini, na ndipo shida ikazidi. Tabaro hakupenda mafundisho ya kuacha pombe na kuacha wake wengi. Apolo akapigwa. Halafu likatokea jambo baya kabisa. Dada yake Tabaro, akisaidia katika kazi ya nyasi za kujengea, aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akabebeshwa lawama. Akakamatwa, akapelekwa Toro kwenye ngome ya Waingereza, akafungwa kama muuaji.

Jiweke hapo, mpendwa. Umeacha kwenu. Umelima, umefundisha, umepigwa, na sasa unaitwa muuaji. Katika siku hizo za mateso Apolo alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Apolo mwenyewe alisimulia jambo hilo maisha yake yote, na akasema tangu siku ile, alipohubiri, watu waliacha mambo yao ya kale wakatubu.

Akafunguliwa. Njia mbili ziko mbele yake. Moja inarudi Buganda, kwa ndugu zake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Nyingine inarudi Boga, kwa Tabaro. Akarudi Boga.

Hapa ndipo jibu la swali letu. Mwili wako haukusukumi kurudi kwa mtu aliyekutendea mabaya ukiwa umebeba amani. Mwili unasukuma kulipa kisasi, ama kuhama, ama kukaa kimya miaka kumi. Msukumo ukikuelekeza kwenye upendo unaokugharimu wewe mwenyewe, na unapatana na Neno, usiupuuze. Na kuna upande wa pili. Ukisikia mtu anasema Roho amemwambia achukue shamba la mjane, ama uuze mashua umletee yeye pesa, ama aache mke wake atafute mwingine, hapo huhitaji kufunga siku tatu ndiyo ujue. Yohana ametuambia tuzijaribu roho. Angalia tu: gharama analipa nani? Apolo gharama alilipa yeye.

Na Tabaro je? Yule aliyemnyima chakula alimpokea Yesu. Akabatizwa, jina lake likawa Paulo. Fikiria Apolo angerudi Buganda.

Mwaka 1900 Apolo akafanywa shemasi, na 1903 akawa kasisi. Akatumika Toro miaka mingi. Kisha Wazungu wakabadilisha mipaka, Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kanisa pale likapungukiwa na walezi. Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea, Apolo akaomba kurudi huko. Alikuwa na miaka hamsini hivi, umri ambao mtu anafikiria kukaa kwake achunge ng'ombe. Akarudi Boga mara nyingine, na safari hii kazi yake ikawa huko mpaka mwisho.

Mwaka 1921 akasukumwa tena. Bwana alimwonyesha kwamba aingie msituni, kwa Wambuti, wale watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda. Majirani zao waliwadharau. Apolo akawafuata ndani ya msitu wa Ituri, akakaa nao, akawafundisha, na wakapatikana waamini miongoni mwao. Mwaka 1922 kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe. Heshima hiyo haikumtoa Boga.

Alikufa hapo Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla hajafa aliomba jambo moja kuhusu kaburi lake: azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, tofauti na desturi, kwa kuwa kazi ya upande ule haijaisha. Leo kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake pale Boga.

Wapendwa, sisi si kanisa la Apolo kwa jina, lakini Roho ni yule yule. Na wengi wetu hatutatumwa ng'ambo ya Rwenzori. Boga yetu iko karibu zaidi. Kuna dada hapa anauza omena. Moyo umemsuta kuhusu ile gorogoro iliyobonyezwa chini ili ijae haraka, na bado kesho ataibeba sokoni. Kuna mwingine, mwenye mashua anataka kumpa samaki kwa bei ya mwili wake, na Roho anamwambia atoke, hata kama siku hiyo karai litarudi nyumbani tupu. Mama huyo asiachwe apigane peke yake; ushirika wa nyumbani umtafute, tumchangie mtaji. Hiyo nayo ni sauti ya Roho, kwetu sisi tulio na kitu. Kuna ndugu wawili wamenyamaziana tangu mazishi ya baba yao kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mmoja wao ameamshwa usiku mara tatu na jina la mwenzake. Bado anangoja maono. Ya nini? Apolo alipewa maono akiwa amekwisha kutii.

Basi wiki hii fanya hivi. Jambo ambalo limekurudia ukiomba, lipime kwa Neno. Mwambie mzee mmoja wa kanisa ama mama mmoja unayemwamini. Halafu ulitende kabla ya Jumapili, hata kama ni dogo. Kama ni kupiga simu, piga. Kama ni deni la mia mbili, lipa. Usingoje kujisikia tayari.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa mara zote tulizokusikia tukajifanya hatukusikia. Tupe neema ya kurudi pale unapotutuma, na tukifika tukukute uko pamoja nasi. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani:
1. Boga yako ni wapi, na Tabaro wako ni nani?
2. Je, umewahi kusema mlango umefungwa, kumbe ulihitaji jembe?
3. Katika kundi letu, ni nani anahitaji mkono wetu ili aweze kutii?