Cowen na Herufi za Transfoma

Vitabu vyetu vya shule hupenda kumpa kila kifaa mvumbuzi mmoja. Joshua Lionel Cowen wa New York ni miongoni mwa waliovikwa taji hilo bila kulistahili; husemwa kuwa ndiye aliyebuni treni ya umeme ya kuchezea. Ukweli ni kwamba Carlisle & Finch ya Cincinnati ilikuwa ikiuza treni za aina hiyo kabla ya Cowen kuanzisha kampuni ya Lionel mnamo 1900.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1877 kwa wahamiaji wa Kiyahudi. Jina la ukoo lilikuwa Cohen. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya Cowen. Treni yake ya mwaka 1901 ilikuwa pambo la dirisha la duka, wateja wakataka kununua pambo lenyewe. Iliendeshwa kwa betri. Umeme ulipoenea majumbani, ilibidi nguvu yake ipunguzwe kwa transfoma, na hapo ndipo ninapokiona kipaji cha mtu huyu: kurekebisha, kisha kurekebisha tena.

Mimi si fundi, ila isimu imenizoesha kuchunguza herufi. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Lionel iliuza transfoma V ya wati 150 na Z ya wati 250. Mwaka 1948 zikaja VW na ZW, zenye mikono mikubwa ya kuongozea mwendo na swichi ya kupigia king'ora. Kiambishi kimoja tu, na kifaa kimebadilika! Hata hivyo, kwenye ZW herufi pekee hazitoshi. Bamba la 1948 na 1949 husomeka wati 250. Kuanzia 1950 husomeka wati 275, ilhali sura ya nje inafanana. Asiyesoma bamba hawezi kujua umri wake. (Mwalimu atakayeletewa moja kutoka Marekani asiichomeke ukutani: iliundiwa takriban volti 115, nasi tunatumia 240.)

Mapema katika miaka ya 1950 Lionel ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za vitu vya kuchezea. Kisha biashara ikafifia, na mwaka 1959 Cowen akauza hisa zake kwa kundi lililoongozwa na wakili Roy Cohn, mjukuu wa mmoja wa ndugu zake. Alifariki Palm Beach, Florida, tarehe 8 Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 88.